Maji ya Kusuuzia

"Hivi, dada, maji unayofulia mashuka ya yule mtu ni haya haya ya bomba langu?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi, mswaki ungali mdomoni, mimi nimeinama uani kwake na ndoo yangu imejaa nusu. Mtaa mzima tunamwita Mama Bomba, kwa sababu bomba la maji matamu la upande wetu limesimama kwake, na kwa sababu, Mungu anisamehe, akifunguka kuongea hafungiki upesi. Mimi naitwa Mama Dobi. Nafua nguo za watu. Kazi hii niliishika mume wangu alipolala usingizi wa mwisho, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana imenilisha na haijanidhalilisha.

Ningeweza kusema uongo. Ningesema ni maji ya kisima, tukaachana kwa amani. Lakini uongo ni kama doa la kutu, ukilisugua huku linajitokeza kule.

"Ni haya haya, mdogo wangu."

Akatema povu kando ya karo, akajifuta kidevu kwa kiganja.

"Basi chagua. Kama ni sisi, ni sisi. Kama ni yeye, katafute maji kwake."

Hakuhitaji kunieleza yeye ni nani. Mtaani kwetu siku zile ukisema "yule mtu", hata mtoto anayejifunza kutembea anajua unamsema nyapara.

Mwisho wa barabara yetu kuna kiwanda cha sabuni. Upepo ukivuma kutoka huko, mtaa wote unanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Karibu kila nyumba ilipata mkate wake humo. Mume wangu alikuwa mpishi wa sabuni, akikoroga sufuria kubwa ambazo mtu angeweza kuogelea humo kama angependa kufa akiwa safi, hayo ni maneno yake mwenyewe. Alilala kabla ya mgomo, na wakati mwingine nashukuru hata kwa hilo, maana sijui angesimama wapi. Waliogoma walikaa nje ya geti. Wengine waliingia ndani kufanya kazi, wakipita katikati ya wenzao wakiwa wameinamisha vichwa. Mgomo ulipokwisha, waliogoma wakafukuzwa, na aliyesimama getini kutaja majina yao alikuwa nyapara. Jina la kwanza alilotaja lilikuwa la mume wa Mama Bomba, fundi wa mashine, aliyeingia kiwandani humo kabla hajaota ndevu.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa pande mbili. Salamu zikapungua. Dukani mtu akiingia, mwingine anakumbuka ameacha maziwa jikoni. Na kanisani ndiko kulikouma zaidi. Waliogoma walikaa upande wa kulia, walioingia upande wa kushoto, na mchungaji wetu akawa anahubiri huku macho yakienda kulia, kushoto, tena kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Pande zote mbili ziliniita nikakae nao. Nikachagua benchi la nyuma mlangoni, nikasema napenda upepo. Nyapara yeye aliacha kuja kabisa, maana hata wale wa kushoto, walioingia pamoja naye, hawakutaka kuonekana wamekaa karibu naye.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu moyoni ambalo sikumwambia mtu. Siku tuliyomzika mume wangu mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Jeneza lilibebwa na wanaume wa kiwandani. Mbele kulia alikuwa fundi, mbele kushoto nyapara. Fundi akateleza. Nyapara akalishika jeneza kwa mikono miwili, shavu limebanwa kwenye mbao, mpaka mwenzake akasimama tena. Wakaangaliana, fundi akasema, "Huyu mzee hata leo ananichekesha." Wakacheka pale pale chini ya jeneza, machozi yanawatoka. Mabega yale mawili ndiyo yaliyomfikisha mume wangu. Sasa wewe niambie, nitalichukia lipi?

Jinsi nilivyoanza kufua mashuka ya nyapara ni kwamba niliona kamba yake. Mtu wa kazi yangu hapiti kwenye kamba ya nguo kama mpita njia. Kamba inasema nani kapata mtoto, nani kagombana na mkewe, nani kaugua. Nyapara alikuwa akiishi na mama yake mzazi tu, mke alishatangulia mbele ya haki. Nilianza kuona mashuka kwenye kamba yake kila siku, yameanikwa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, kama mtu anayeona aibu. Tena yalikuwa yamekauka yakasimama wima kama mabati. Nikashika pindo moja lililokuwa bado bichi nilipokuwa napita. Lilikuwa na sabuni tele, linateleza kwa mikono.

Nikajua mambo mawili. Ndani ya nyumba ile kuna mtu asiyeweza kuamka kitandani, na anayemfulia hajui kusuuza.

Nikaenda na beseni langu. Nyapara akafungua mlango nusu, akajaza ule ufa kwa mwili wake. Ni mtu mkubwa, sauti yake ya kiwandani, ya kushindana na mashine, haijawahi kujua kunong'ona.

"Shemeji," akasema, maana mume wangu alikuwa kama kaka yake. "Kama mchungaji amekutuma, mwambie sipo."

"Hajanituma mtu."

"Kama umeleta Biblia..."

"Sikuleta Biblia, shemeji. Nimeleta beseni."

Akaliangalia beseni, kisha akasogea kando.

Bibi, mama yake, alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele, kiharusi kimechukua upande wake wa kulia. Chumba kilikuwa kimefagiliwa vizuri. Kikombe kimefunikwa kwa kisahani, kitana kipo dirishani, na nywele za Bibi zilikuwa zimesukwa mabutu mawili yaliyopinda, kazi ya mkono wa mwanamume asiyejua kusuka. Mabutu yale yalinimaliza. Nilipomgeuza Bibi nikaona mgongo wake. Ngozi ilikuwa imewiva nyekundu kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na mahali pawili palianza kufunguka.

"Namfulia kila siku," nyapara akasema nyuma yangu. Sauti ile kubwa ilikuwa imeshuka. "Kila siku, shemeji. Naweka sabuni nyingi, ile nzuri ya kiwandani. Nikiona kidonda kinazidi, naongeza sabuni."

Sikucheka, ingawa mume wangu angecheka mpaka akae chini. Mtu aliyezeeka kwenye kiwanda cha sabuni anadhani sabuni ndiyo usafi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba sabuni isipotoka kwenye shuka, mgonjwa analala juu ya dawa inayomla.

"Siyo kosa la mapenzi," nikamwambia. "Ni kosa la maji. Shuka linataka kusuuzwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Niachie mimi."

"Watakusema."

"Wananisema tayari kwamba naongea na nguo."

Bibi akatoa sauti. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilishona alama yangu kwenye pindo la mashuka yao, kama ninavyofanya kwa nyumba zote, ili nguo zisichanganyike. Natumia uzi mmoja mwekundu kwa wateja wote, ila kila nyumba ina idadi yake ya mafundo. Mama Bomba ana fundo moja, maana ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Nilipokuwa mjane mpya, sijui hata nianzie wapi, yeye ndiye aliyenitupia gunia la nguo mlangoni akasema, "Acha kulia, fua." Watu wanaweza kusema wanachotaka juu ya ulimi wake. Mimi siusahau mkono ule.

Mgongo wa Bibi ukaanza kupoa. Ngozi ikarudi rangi yake taratibu. Nikawa nakaa naye kidogo kila ninapopeleka mashuka, namsuka upya, naomba kwa sauti ndogo, si sala za kupanda jukwaani, ni za kumshukuru Mungu kwa mchana, kwa jua la kukausha, kwa mdomo uliobaki kusema amina. Nyapara alikuwa anasimama nje ya mlango mpaka nimalize. Siku moja nikasikia "amina" nyingine, nzito, kutoka upande wa pili wa pazia. Sikugeuka. Ndege akitua karibu nawe, hugeuki.

Mchungaji alinifuata nyumbani. Ni mtu mwema, ila mwoga kidogo wa waumini wake. Akanywa chai yangu yote, ndipo akasema, "Mama, unachofanya ni chema. Lakini nyakati ni mbaya. Angalia usije ukaonekana una upande."

"Mchungaji, beseni ni la duara. Halina upande."

Akaangalia kikombe kitupu. Akasema atalifikiria hilo. Nikamwongezea chai.

Sasa umeelewa swali la Mama Bomba lilitoka wapi, na kwa nini sikulikasirikia. Nyumbani kwake fundi alikuwa anaamka alfajiri kama zamani, anavaa, halafu anakaa kwenye kiti anaangalia viatu vyake. Mwanamke anayeona hivyo kila asubuhi lazima amtafute wa kumtemea.

"Siwezi kuchagua, mdogo wangu," nikamwambia pale bombani. "Anayelala kwenye mashuka yale ni Bibi. Yeye hakugoma wala hakuingia."

"Mtoto aliyemzaa ndiye aliyetaja jina la mume wangu."

"Ndiyo. Nalijua hilo."

"Unalijua!" Akacheka bila furaha. "Dobi wa mataifa yote. Haya, nenda ukawafue."

Jioni ile ile kulikuwa na mnyororo kwenye bomba, na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni kwake umefungwa kwa kamba ya kiatu. Nguo zake nazo zikakoma kuja.

Nikaanza kuteka kisimani, chini ya mteremko nyuma ya shule. Njia yake si mbaya ukishuka. Ila maji yake yana chumvi. Sabuni haitoi povu humo, na hata ukisuuza mpaka viganja vikunjamane, nguo inakauka ngumu. Kwa suruali za watu wazima si neno. Kwa mgongo wa Bibi lilikuwa neno kubwa. Haukupita muda wekundu ukaanza kurudi, kwanza mabegani. Nilimpaka mafuta, nikalipigapiga shuka kwenye jiwe kulilainisha, nikaomba. Wekundu ukashuka kufuata mgongo kama mtu anayeijua njia.

Kila nilipopita mbele ya Mama Bomba na ndoo kichwani nilimsalimia. "Umeamkaje, mdogo wangu?" Hakujibu. Kesho yake, "Umeamkaje, mdogo wangu?" Siku moja akajibu kwa hasira, "Nimeamka!" Nikashukuru kwa hilo. Lilikuwa jibu.

Nyapara alihisi mashuka kwa kidole. "Yamebadilika."

"Maji yamebadilika, shemeji."

Hakuniuliza zaidi, maana kufuli lile lilionekana kutoka barabarani. Tangu hapo akawa anatoka kazini na dumu la maji nyuma ya baiskeli, amelifunga kwa mpira, kutoka kwenye tangi la kiwanda. Maji matamu. Dumu lenyewe liliruhusiwa moja tu kwa siku, tena kwa sababu ya mgonjwa. Lilitosha kusuuzia mashuka ya Bibi na si zaidi. Nilifulia maji ya kisima, nikasuuzia maji ya dumu, na mgongo ukatulia tena. Mtu mkubwa vile akisukuma baiskeli kupanda kilima kwa ajili ya mashuka ya mama yake, watu wakimgeuzia visogo. Niliwaza, Bwana wetu mwenyewe alijifunga taulo kiunoni akashika beseni. Huenda hata yeye kuna aliyemgeuzia kisogo akiwa ameinama.

Kisha mabomba yote yakakauka. Walisema kuna bomba kuu limepasuka mahali. Kufuli la Mama Bomba likabaki linalinda upepo, na watani wa mtaani hawakumwacha. "Mama Bomba, tufungulie tupate hewa!" Mtaa wote ukashuka kisimani, wa kulia na wa kushoto, tukapanga foleni moja. Chumvi haikubagua.

Katikati ya ukame huo, mchana mmoja, nikasikia mlango wangu wa nyuma unakwaruzwa. Alikuwa fundi, ana kitu amekikunja kwapani.

"Shemeji, mimi sijaja hapa. Hujaniona."

"Sijakuona. Karibu, ukae."

Akakifungua. Lilikuwa shati lake jeupe la pekee, lile alilovaa kumzika mume wangu. Sasa lilikuwa na madoa ya buluu kifuani na mgongoni, makubwa kama mawingu.

"Nimeitwa kesho asubuhi kwenye karakana ya mjini. Wanataka fundi wa mashine. Mke wangu akasema lazima ling'ae. Kwa kuwa hamwongei..." Akajikuna shingo. "Amelifua mwenyewe. Ametumbukiza kipande cha buluu ndani ya ndoo."

"Bila kukifunga kitambaani?"

"Kifungwe?"

Buluu ya kung'arishia nguo nyeupe hufungwa kwenye kitambaa, ukaitikisa majini kidogo kidogo. Ukiitumbukiza yenyewe inamegeka na kugandia nguo. Mama Bomba hakuwa akijua, kwa sababu miaka yote nilikuwa namfulia mimi.

"Amejaribu kulitoa kwa maji ya kisima, limezidi kushika. Sasa amejifungia chumbani analia. Anasema ameniharibia hata hii." Fundi akaangalia viatu vyake. "Shemeji, nikienda na hili, watadhani nimetoka kupaka rangi ukuta. Nisipopata kazi hii sina pengine pa kugonga."

Nikalishika shati. Kwenye ukosi wa ndani fundo langu moja jekundu lilikuwa bado lipo. Madoa yangetoka, nilijua hivyo. Ila yangetaka maji matamu, ya kuloweka, ya kusuuza, na ya kusuuza tena. Na maji matamu katika mtaa mzima yalikuwa dumu moja, limesimama kwenye kona ya chumba changu, la mgonjwa.

"Niachie," nikasema.

Alipotoka nikakaa kitako. Nilijua naweza kulifungua dumu lile bila mtu kujua. Lakini maji hayakuwa yangu. Sadaka ya mali ya mwenzako si sadaka. Nikajifunga vizuri, nikaenda kwa nyapara.

Siku ile hakuwa kazini, alikuwa anamlisha Bibi uji kwa kijiko. Nikamwambia yote, sikuficha ila machozi ya mke, maana hayo hayakuwa yangu kuyabeba. Kijiko kikasimama hewani.

"Shati la nani?"

"La fundi."

Akaweka bakuli chini. Akaenda dirishani, akasimama hapo akiziba mwanga wote. Nikasubiri. Kama angesema hapana, nisingemlaumu. Shuka alilolalia Bibi lilikuwa limekwisha kulowa, na lile jingine lilikuwa kwenye beseni kwangu linasubiri maji hayo hayo.

"Jina lake lilikuwa la kwanza," akasema bila kugeuka. "Nilimwona ananiangalia. Alidhani nitaliruka. Hata mimi nilidhani nitaliruka."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniambie kwamba nimesamehewa."

"Sijasema kitu. Nimekuja kuomba maji."

Bibi alikuwa anatuangalia, mmoja baada ya mwingine. Mkono wake mzima ukapapasa juu ya shuka mpaka ukashika pindo, akalivuta kidogo kuelekea kwake, kisha akaliachia. Mdomo ukahangaika. "M-pe," akasema.

Nyapara akageuka. Akavuta shuka la kitandani kwake mwenyewe, akafungua na kabati, akatoa mashati yake meupe ya kazini, yale laini ya zamani, akayatandika chini ya mgongo wa mama yake moja juu ya jingine. Mimi nikamwinua Bibi, yeye akatandika. Tulifanya kazi hiyo kama watu waliozoeana.

"Fua la kwake kwanza," akasema. "Yote, tumia yote. Na usimwambie."

"Sitamwambia. Ila nikiulizwa, sidanganyi. Unanijua."

"Nakujua," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mgomo nikaona meno yake. "Mumeo alikuwa analalamika juu ya jambo hilo."

Nikaloweka shati. Buluu ikaanza kuachia, uzi mwembamba wa rangi ukipanda majini kama moshi. Nikamwaga, nikatia mengine. Nikasugua ukosi kwa ncha za vidole. Dumu likawa jepesi, likawa jepesi zaidi, na tone la mwisho lilipotoka shati lilikuwa jeupe. Nikalitia wanga kidogo, jua likanisaidia, pasi ikamaliza. Fundi akalichukua kupitia mlango ule ule wa nyuma, akalishika kwa mikono miwili mbele ya kifua kama anabeba mtoto wa watu. Hakuniuliza maji nimeyatoa wapi. Wanaume hawaulizi nguo imesafishwaje, wanajua tu ni safi.

Kesho yake nilikuwa nimekaa chini nachagua vibanio vya nguo, vilivyovunjika kando, beseni la mashuka ya Bibi likiwa mbele yangu. Nilikuwa nimeyafua kwa maji ya kisima, bado hayajasuuzwa. Nyapara angerudi na dumu jioni. Nje nikasikia watu wanapiga vigelegele. Maji yalikuwa yamerudi. Hata mimi nilisikia bomba la jirani likikohoa, likitapika hewa, halafu likitiririka nyuma ya mnyororo wake.

Mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi. Mama Bomba.

Alisimama pale akihema. Macho yalikuwa yamevimba, lakini uso ulikuwa umefunguka.

"Wamemchukua," akasema. "Wamemwambia abaki hapo hapo, aanze leo. Amemtuma mtu aje aniambie. Hajarudi hata kula."

"Mungu ashukuriwe," nikasema. Nikasema tena. "Ashukuriwe kweli kweli, mdogo wangu."

"Amekiri alikuja kwako. Anadhani mimi sijui kuhesabu mashati." Akajifuta pua kwa mkono. "Nimekuja kusema asante. Sijui kuisema vizuri, kwa hiyo nimeshaisema."

"Nimeipokea."

Akageuka kutaka kuondoka. Akafika mlangoni. Kisha mgongo wake ukasimama, nami nikajua swali linakuja, maana namjua.

"Dada. Jana mabomba yote yalikuwa makavu."

"Yalikuwa makavu."

"Na maji ya kisima nilijaribu mimi mwenyewe. Hayatoi buluu."

"Hayatoi."

Akageuka. "Basi ulilisuuza kwa maji gani?"

Nikaweka kibanio chini.

"Maji ya dumu. Ya kiwandani. Analeta yeye kwa baiskeli, ya mashuka ya mama yake."

Kule nje lile bomba lake lilizidi kutiririka.

"Ya yule mtu," akasema.

"Ya yule mtu."

"Uliyachukua, hakujua."

"Nilimwomba."

"Hukumwambia ni shati la nani."

"Nilimwambia, mdogo wangu. Akasema lifuliwe kwanza."

Akaangalia chini, akaliona beseni. "Na haya?"

"Ndiyo yenyewe. Yamesubiri tangu jana. Bibi amelalia mashati ya mwanawe."

Akachuchumaa. Akashika pindo la shuka la juu, akaona uzi wangu mwekundu na mafundo yake, akayapitisha kidole moja moja. Akasugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akasikia sabuni inavyoteleza, ile ambayo haijatoka. Yapo maneno mazuri ya kusema wakati kama huo, ninayajua, nimeyasikia kanisani maisha yangu yote, nami nikamshukuru Mungu kwa kunizuia ulimi.

Akavua kamba ya kiatu shingoni, akaishika ile kamba na ufunguo wake kwa meno. Akaliinua beseni la mashuka ya Bibi, likamlowesha gauni, akalipandisha kiunoni. Nikanyoosha mkono kumwonyesha mlango wa nyuma, ulio karibu na bomba na usio na macho ya watu. Akautazama. Kisha akaupa kisogo, akasukuma mlango wa mbele kwa bega, akatoka barabarani mchana kweupe.